Kuchora milima kwa rangi za mafuta, mtindo wa impreshonisti, ukiwa Mtwara au Lindi: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Maswali haya huletwa na watu wa kila aina: wanafunzi wa sekondari, walimu waliostaafu, mafundi rangi wa nyumba, na kina mama wawili watatu ambao siku hizi wananipita kwa kuchora. Sikuyapanga kwa ukali. Pale jibu lilipo ni maoni yangu tu, nimesema hivyo.

Mtindo wa impreshonisti ni upi hasa?

Ulianzia Ufaransa. Aprili 1874 wachoraji wapatao thelathini, wakiwemo Claude Monet, Camille Pissarro, Berthe Morisot na Paul Cézanne, walifungua maonyesho yao wenyewe jijini Paris, katika vyumba vilivyokuwa studio ya mpiga picha Nadar. Walikuwa wamechoshwa na majaji wa maonyesho rasmi. Mwandishi mmoja wa gazeti akaikamata picha ya Monet ya bandari jua linapochomoza, iliyoitwa "Impression, soleil levant", akaitumia kulikejeli kundi zima. Jina likaganda hadi leo.

Kilichoudhi watu ni kwamba picha zile zilionekana kama hazijaisha. Mipigo ya brashi ilibaki wazi, kingo za vitu hazikuwa na mstari, na vivuli vilikuwa vya bluu na zambarau badala ya kahawia. Lakini wale jamaa walikuwa wakichora nje, mbele ya kitu chenyewe, na mwanga haumsubiri mtu. Kilichowarahisishia kazi ni kitu kidogo: tyubu laini ya bati ya kuwekea rangi, aliyoibuni Mmarekani John Goffe Rand mwaka 1841. Kabla ya hapo rangi ilibebwa kwenye vifuko vya kibofu cha nguruwe, na kikipasuka njiani safari imeishia hapo.

Kwetu Kusini kuna milima ya kuchora kweli? Sisi hatuna Kilimanjaro.

Ipo, ila haifanani na ile ya kwenye video. Masomo mengi ya mtandaoni yanafundisha mlima wa pembetatu wenye theluji, misonobari miwili na ziwa la kujiangalia. Ukikariri hayo utachora mlima ambao hujawahi kuuona, kwa rangi ambazo huku hazipo.

Newala iko kwenye ukingo wa nyanda za juu za Makonde. Ukisimama Shimo la Mungu, ardhi inakatika ghafla miguuni pako na bonde la Mto Ruvuma linafunguka chini, Msumbiji ng'ambo. Hapo unachora mlima ukiwa juu yake, kwa hiyo mstari wa upeo wa macho unapanda karibu na ukingo wa juu wa picha na anga linabaki ukanda mwembamba. Masasi ni kinyume: majabali ya mawe yanatoka kwenye tambarare bila kupiga hodi, na wewe uko chini unatazama juu. Ukiwa upande wa Masasi ukageukia mashariki, ukuta wa nyanda za Makonde unaonekana kama mstari mrefu bapa, na jua la jioni linaupiga usoni. Kwa wa Lindi mjini, vilima vya ng'ambo ya ghuba, upande wa Kitunda, vinatosha kumfundisha mtu mwaka mzima. Wa Rondo nao wana misitu yao, sitaki kuwasemea.

Maoni yangu: anayeanza aende Masasi. Jabali lina umbo kubwa na rahisi, na upande wa jua na upande wa kivuli vinajitenga vyenyewe.

Ninunue rangi zipi kwanza?

Tano zinatosha: nyeupe ya titani, bluu ya altramarini, nyekundu ya alizarini, manjano ya kadmiamu, na siena iliyochomwa, ile kahawia yenye wekundu wa udongo wetu. Nyeupe nunua tyubu kubwa. Ndiyo itakayoisha mapema kuliko zote. Kijani usinunue. Kijani cha kwenye tyubu ni kikali mno kwa miti ya huku, na altramarini ikikutana na manjano na tone la siena inakupa kijani cha mkorosho bila shida.

Rangi ya mafuta ya kupakia mageti haifai? Ni bei rahisi na ipo kila duka la vifaa vya ujenzi.

Kwa kazi hii, hapana. Rangi ya geti imetengenezwa ijisawazishe yenyewe: unapaka, mipigo ya brashi inajifuta, uso unakuwa laini na kung'aa. Hiyo ndiyo sifa yake na ndiyo sababu inafaa geti. Sisi tunataka mpigo wa brashi usimame palepale ulipowekwa, ukiwa na mgongo wake na mabonde yake, ili mwanga uushike.

Nimezoea kuchora Tingatinga. Nianze upya?

Mkono wako hauhitaji kuanza upya, jicho ndilo litakalolalamika. Edward Saidi Tingatinga mwenyewe ni mtu wa Kusini, mzaliwa wa Tunduru mwaka 1932, na alichora kwa rangi za kung'aa juu ya hadibodi hadi alipofariki mwaka 1972. Katika mtindo wake kila kitu kina ukingo safi, rangi imejaa, na mnyama anajitokeza kwenye usuli mmoja usio na mchana wala jioni. Ni uamuzi, na ni uamuzi mzuri.

Kwa impreshonisti uamuzi ni mwingine: saa ndiyo inayotawala. Mti uleule ni bluu asubuhi na rangi ya chungwa jioni, na ukingo wake unayeyuka pale anga lilipo angavu. Mchoraji wa Tingatinga huja na faida kubwa mbili, haogopi rangi kali na anajua kupanga uso wa picha. Kinachomsumbua ni kuacha mstari wa mwisho wa kuzungushia. Dawa yake ni brashi bapa, pana. Brashi hiyo haiwezi kuzungushia mstari hata ukitaka.

Brashi ngumu za rangi za mafuta ni manyoya ya nguruwe. Kuna mbadala?

Ndiyo, zipo za nyuzi za kiwandani, ngumu vilevile, na zimeandikwa hivyo kwenye mpini au pakiti. Nunua bapa tatu: moja pana kama vidole viwili, moja ya wastani, moja ndogo. Hiyo ndogo ifiche mpaka mwisho.

Vifaa vinapatikana wapi?

Maduka ya vifaa vya shule huku mara nyingi yana rangi za maji za watoto na za bango. Rangi za mafuta za wachoraji kwa kawaida zinaagizwa Dar es Salaam. Mwombe ndugu au rafiki akununulie na akutumie kwa basi. Mwandikie majina ya rangi vizuri, la sivyo utaletewa boksi la rangi kumi na mbili, kila tyubu ndogo kama ya dawa ya macho, na nyeupe moja tu.

Lazima nitumie kanvasi ya dukani?

Si lazima. Kitambaa cha marekani, kizito na kilichofumwa kwa kubana, ni kanvasi nzuri kabisa. Mpe seremala atengeneze fremu, kisha vuta kitambaa: pigilia katikati ya kila upande kwanza, upande mmoja na wa mkabala wake, halafu endelea kidogo kidogo kuelekea pembeni. Ukianza na pembe kitambaa kitajikunja mawimbi, na mawimbi hayo hayaondoki.

Kitambaa kitupu usikichore. Mafuta ya kitani yaliyomo kwenye rangi huozesha nyuzi za pamba, na picha itachanika yenyewe baada ya miaka. Paka jeso ya akriliki, ile rangi nyeupe ya kutangulizia inayofunika nyuzi, mara mbili au tatu, ukipiga msasa laini kila ikikauka. Rangi ya maji nyeupe ya ukutani nimeiona ikitumika sana. Kwa mazoezi sawa. Kwa picha utakayomuuzia mtu, hapana, kwa sababu nyingi zina chaki tele na gundi haba, na rangi inaweza kubanduka vipande. Hadibodi iliyopakwa jeso ni nafuu na haipigwi na upepo wa kusi ukiwa juu Newala.

Niyeyushie rangi kwa kitu gani: tapentaini, tina au mafuta ya taa?

Tapentaini, kidogo, kwa tabaka la kwanza tu. Jaribu kabla ya kununua chupa nzima: dondosha tone kwenye karatasi nyeupe uliache likauke. Likiacha doa la mafuta, hiyo si ya kuchorea. Tina ya kupakia magari iache ilipo, ni kali na moshi wake unaumiza kichwa na mapafu. Mafuta ya taa yafanyie kazi ya kusafisha brashi, kisha zioshe kwa sabuni ya mche na maji mpaka povu litoke jeupe.

Tabaka la juu lisiwe na mafuta machache kuliko la chini. Lenye mafuta machache hukauka upesi, na likiwa juu ya lile linalojongea bado, litapasuka nyufa.

Mlima wa mbali una rangi gani?

Hili ndilo swali lenyewe. Wengi hujibu "kijani" hata kabla ya kunyanyua macho, kwa sababu wanajua mlimani kuna miti. Fanya hivi: chukua karatasi nyeupe, itoboe tundu la msumari, inyooshe mbele yako kwa urefu wa mkono, fumba jicho moja, tazama mlima kupitia hilo tundu. Mlima unapotea. Kinachobaki ni rangi tupu, na karibu kila mara ni kijivu chenye bluu na uwaridi kidogo, tena iliyopauka kuliko ulivyotarajia. Changanya hiyo uliyoiona, usichanganye unayoijua.

Sababu ni hewa. Kati yako na mlima kuna kilomita kadhaa za hewa, na hewa hutawanya mwanga wa bluu zaidi ya mwekundu, ndiyo maana anga nalo ni la bluu. Bluu hiyo hutandazwa juu ya mlima. Angalia jambo moja: sehemu nyeusi ndizo zinazobadilika zaidi. Kivuli cha mkorosho ulio jirani ni karibu cheusi. Kivuli cha bonde lililo mbali kinaweza kuwa cheupe kuliko upande wa jua wa mti ulio karibu nawe. Anayekosea hapa mlima wake unakuja mbele na kumkalia mtazamaji mapajani.

Sasa, majira. Kuanzia Julai hivi hadi mvua za kwanza, hewa yetu ina moshi wa mashamba na nyasi zinazochomwa, na vumbi la barabara. Chembe hizo ni kubwa, hutawanya rangi zote kwa pamoja, kwa hiyo mbali kunakuwa na weupe wa maziwa, wenye umanjano au uwaridi jioni. Bluu ya kwenye vitabu huioni. Kwa Septemba mimi huchanganya nyeupe nyingi, altramarini kidogo, alizarini kidogo zaidi ya hapo, na kisha siena ncha ya kisu. Mvua zikianza, Novemba au Desemba, hewa inaoshwa. Siku moja baada ya mvua kubwa, bonde la Ruvuma linaonekana limesogea karibu, na hapo ndipo altramarini na nyeupe zinafanya kazi karibu peke yake.

Kuna na salfa. Asubuhi za msimu wa kupulizia mikorosho dhidi ya ugonjwa wa ubwiriunga, upepo ukiwa umelala, vumbi lake huning'inia kati ya miti kama shuka jepesi la manjano. Kwa mchoraji ni zawadi, kwa sababu safu za miti zinatenganishwa moja baada ya nyingine bila wewe kuhangaika. Ila kaa upande upepo unakotoka. Salfa inawasha macho vibaya.

Nichore saa ngapi?

Asubuhi kuanzia saa 12 na nusu hadi saa 2 na nusu, au jioni kuanzia saa 10 hadi jua kuzama. Mtwara iko nyuzi 10 kusini mwa ikweta. Jua hupita juu ya utosi mara mbili kwa mwaka, kuelekea mwisho wa Oktoba na tena mwisho wa Februari. Miezi hiyo, mchana wa saa 6 mlima hauna upande wa kivuli. Unakuwa bapa, na wewe utaanza kuubunia vivuli.

Jua letu pia huzama kwa haraka. Kwa hiyo usijaribu kumaliza picha kubwa kikao kimoja. Chukua ubao mdogo, au rudi kesho saa ileile. Monet alipokwenda Norway mwaka 1895 aliuchora mlima mmoja, Kolsås, zaidi ya mara kumi, kila mara mwanga ukiwa tofauti. Wenyeji wake huko walikuwa na baridi ya kuganda. Wewe una joto na nzi. Beba mwavuli, tena usiwe mwekundu, maana utapaka picha nzima rangi yake.

Nipe mfano wa hatua. Naanzaje?

Tuseme uko Masasi, chini ya jabali, saa 10 na nusu jioni.

Kabla ya kufungua tyubu yoyote, kaa utazame, macho nusu yamefumbwa. Maumbo madogo yatapotea yabaki makubwa manne au matano: anga, uso wa jabali ulio juani, uso ulio kivulini, ukanda wa miti, ardhi. Ukiona kumi, hujayafumba vya kutosha.

Yeyusha siena kwa tapentaini iwe kama chai, uweke mipaka ya maumbo hayo kwa mistari michache. Halafu anza na kivuli. Wengine huanza na anga. Mimi huanza na kivuli kwa sababu ndicho kinachohama kwanza. Kivuli cha jabali jioni ni zambarau iliyochanganyika na kijivu: altramarini, alizarini, siena, nyeupe. Kipake chote mara moja, bila kuhesabu nyufa. Kisha upande wa jua: nyeupe, manjano kidogo, siena, na alizarini ncha tu, mpaka ipatikane ile rangi ya waridi iliyoungua. Ukiziweka jirani, zote mbili zitawaka. Mkemia Mfaransa Michel Eugène Chevreul, aliyesimamia upakaji rangi wa nyuzi kwenye kiwanda cha Gobelins, aliliandika jambo hili mwaka 1839: rangi mbili zikikaa pamoja, kila moja huisukuma nyenzake machoni mwa mtazamaji. Wachoraji walilichukua kwa mikono miwili.

Sasa ile michirizi myeusi inayoshuka kwenye jabali, pale maji ya mvua yanapopita miaka yote. Kila mgeni huivamia mapema. Subiri. Ikifika zamu yake, brashi ishuke kufuata mteremko wa jiwe, mpigo mmoja kwa mchirizi, na mitatu au minne inatosha kwa jabali zima. Upande wa kivulini isiwe nyeusi sana. Itakaa kama mashimo.

Rangi nene iwe ya mwisho, na iwe mahali pamoja: pale jua linapogusa bega la jabali.

Mbona rangi zangu zinageuka tope?

Umechanganya nyingi mno, au brashi ni chafu, au unasugua. Piga mpigo, nyanyua mkono, futa brashi kwenye tambara. Haukufaa? Ukwangue kwa kisu, usiupake juu yake.

Ni kweli nyeusi hairuhusiwi?

Hakuna polisi. Renoir, mmoja wa wale wachoraji wa Paris, aliitumia. Lakini altramarini na siena kwa kipimo sawa zinatoa giza lenye uhai, unaloweza kulivuta kuelekea bluu au kahawia unavyotaka. Nyeusi ya tyubu anayeanza huimwaga kwenye kila kivuli.

Mikorosho nichoreje isifanane na uyoga?

Tatizo ni kwamba kweli inafanana na uyoga. Usichore mkorosho mmoja mmoja. Chora kivuli chake kilichoungana na cha jirani yake chini, kiwe umbo moja refu la giza, halafu juu yake weka migongo ya miti iliyopigwa na jua. Acha matundu mawili matatu ambapo anga au ardhi nyekundu inachungulia. Na miti ya miombo inayochipua majani ya rangi ya shaba kabla ya mvua, hiyo ichore bila woga. Watu wa mbali watasema umeitunga. Waache.

Naweza kuchora kwa kuangalia picha ya simu?

Kwa kukumbuka umbo, ndiyo. Kwa rangi, hapana: simu hugeuza vivuli kuwa vyeusi na anga kuwa jeupe. Andika rangi kwa maneno kwenye daftari ukiwa palepale: "kivuli, zambarau, nyepesi kuliko barabara".

Kuna ruhusa ya kuomba?

Barabarani na kwenye vilima vya wazi sijaona tatizo, lakini ni adabu kupita kwanza kwa mwenyekiti wa kitongoji, kumwamkia na kumweleza unachofanya. Mtu mgeni anayekaa saa mbili akitazama shamba la watu msimu wa korosho huzua maneno. Karibu na kambi au vituo vya mpakani usifungue vifaa kabisa. Watoto watakuzunguka, mpe mmoja kazi ya kushika mwavuli, atawadhibiti wengine kuliko wewe.

Picha inakauka kwa muda gani?

Tabaka jembamba ni siku kadhaa, nene ni wiki mbili na zaidi. Rangi ya mafuta haikauki kwa maji kutoka. Mafuta ya kitani hufyonza oksijeni na kugeuka kuwa utando mgumu. Kwa hiyo inataka hewa na mwanga. Ukiifungia kabatini mafuta hugeuka manjano, na kwa unyevu wa pwani utakuta ukungu mgongoni mwa kanvasi. Itundike ukutani, mbali na jiko. Vanishi ngoja miezi sita hadi mwaka.

Matambara yenye mafuta niyafanyeje?

Usiyakunje ukayarundika pembeni. Mafuta ya kitani yanapokauka hutoa joto, na kwenye rundo joto hilo halina pa kutokea. Tambara huweza kuwaka lenyewe bila kiberiti. Yatandaze nje yakauke moja moja, au yaloweke kwenye kopo la maji lenye kifuniko.

Nitaishushaje picha mbichi kutoka Newala kwa bodaboda?

Beba mbao mbili za ukubwa mmoja. Weka vipande vinne vya kizibo kwenye pembe za picha mbichi, laza ubao mtupu juu yake, zifunge pamoja kwa kamba ya mpira. Nyuso hazigusani na vumbi haliingii. Pembeni kutabaki alama nne ndogo, utaziziba nyumbani. Mwambie dereva mapema kwamba umebeba kitu kibichi na kwamba utakishika wewe mwenyewe, maana akikifunga nyuma kwa nguvu ya kufungia gunia la korosho, vizibo vitazama ndani ya rangi.